Siku Kompyuta Ilipokwenda Kuchagua Simu

Mume wangu ndiye aliyeuliza nyenje wamekwenda wapi. Tulikuwa tumekaa barazani kwetu Bagara, jua limeshazama nyuma ya mbaazi za jirani na giza bado halijaingia sawasawa, saa ile ambayo kila kitu kina rangi ya majivu. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akasema taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Mwaka huu nyenje wameisha. Nadhani ni hizi dawa wanazopulizia mashambani."

Mimi nilikuwa nawasikia. Walikuwa kila mahali: chini ya ngazi, kwenye mgomba, nyuma ya tangi la maji, wanalia mpaka hewa yenyewe ilionekana kutetemeka. Nikasema, "Labda," nikaingia jikoni kutazama maharage ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufundisha nyimbo. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Hata mimi niliyemzalia watoto namwita Mwalimu. Enzi zake aliweza kusimama mbele ya watoto sitini wanaoimba pamoja, akaenda moja kwa moja hadi kwa yule mmoja aliyepotea sauti, akamgusa bega bila kumkaripia. Sasa masikio yaleyale yalikuwa yanadondosha vitu vidogo njiani, kimoja kimoja, na mwenyewe hakujua.

Nilikaa na siri hiyo karibu wiki nzima. Jioni moja nikashindwa.

"Mwalimu, nyenje wapo."

"Wapo wapi?"

"Hapa. Sasa hivi."

Aliinamisha kichwa. Alisikiliza muda mrefu, macho yametulia kwenye ua wa majani kana kwamba wangetokea pale wajitambulishe.

"Wengi?"

"Wengi sana."

"Haya," akasema. "Kama wapo, ni vizuri."

Daktari aliyempima masikio alisema ni umri. Sauti nyembamba hutangulia kuondoka, nene zinabaki, na siku zijazo huenda akahitaji kifaa cha kuvaa sikioni. Mwalimu alishukuru, akavaa kofia yake, tukarudi nyumbani kwa miguu. Njiani aliniuliza mara mbili kama kuna ndege kwenye miti tunayopita. Mara zote mbili walikuwepo.

Kompyuta ililetwa na binti yetu anayefanya kazi Arusha. Ofisi yao ilikuwa inabadilisha vifaa, akapata ya mezani, akaja nayo kwenye basi imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Tuliiweka kona ya sebule, mahali palipokuwa na cherehani yangu ya zamani. Jumapili hiyo alituonyesha programu aliyoiweka humo. Alikuwa amerekodi mvua kwa simu yake, huko anakoishi, na kwenye kompyuta ile mvua haikusikika tu, ilionekana. Kioo kilikuwa cheusi. Sauti nene zilitambaa chini kama ukungu wa rangi ya kahawia, nyembamba zilikaa juu, na zote zilisogea pole pole kutoka kushoto kwenda kulia.

"Baba, huku chini ni bati linapigwa," binti akaeleza. "Na hivi vistari huku juu ni ndege. Alikuwa amejibanza kwenye dirisha."

Mwalimu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akaniuliza, "Wewe huyo ndege unamsikia?"

"Namsikia."

"Na mimi namwona," akasema.

Binti aliondoka na simu yake. Alituachia ile mvua na vipande viwili vingine. Kwa wiki kadhaa Mwalimu alikuwa akiamka, anapiga mswaki, anakwenda kuketi mbele ya mvua ya Arusha. Nilikuwa nafagia nyuma yake, nikimwona mgongo wake umeinama mbele ya giza lile lenye rangi, nikahisi nimeolewa na mtu anayechungulia kisimani.

Siku moja akageuka. "Nataka sauti za hapa kwetu. Za ziwani. Za kwenye mbaazi zikikauka."

Ndipo habari ya simu ilipoanza. Wote wawili tulikuwa na vitochi, vile vidogo vya kubonyeza, vizuri kwa salamu na kwa kutumiwa pesa. Tulihitaji simu janja, lakini si yoyote. Ilipaswa kurekodi vizuri, na ilipaswa kukubaliana na ile kompyuta kwa waya, kwa sababu nyumbani hatuna intaneti na bando la kutuma sauti ndefu lingekula pensheni yote. Simu mpya tulizitazama kupitia vioo vya maduka, tukapita. Tukasema tutatafuta iliyotumika.

Ya kwanza tuliinunua kwa bwana mmoja anayetandaza simu juu ya meza karibu na soko. Ilikuwa nzuri, nyeusi, inang'aa kama ngozi ya mamba aliyetoka majini. Mwalimu aliishika kama mtu anayeshika yai. Tulipofika nyumbani tukaichomeka kwenye kompyuta. Simu ikaanza kuchaji, basi. Kompyuta haikuiona. Tulichomoa, tukachomeka tundu la pili, la tatu, tukazima, tukawasha. Kioo cha kompyuta kilibaki kimetulia, kama mtu aliyekutana na asiyemjua.

Kesho yake tukairudisha. Yule bwana aliitazama, akaniambia, "Mama, mimi niliwauzia simu. Sikuwauzia kompyuta."

"Tulikuambia ni ya kutumia na kompyuta," nikasema.

"Mliniambia, nikasikia. Simu inapiga, inapokea, inapiga picha. Ina ubaya gani?"

Mwalimu alikuwa ananivuta kanga, maana hapendi kelele sokoni. Lakini nilisimama pale hadi wateja wengine wakaanza kugeuka. Mwishoni yule bwana alirudisha fedha, akakata kidogo ya usumbufu. Hadi leo sina hakika kama ile simu ilikuwa na kosa, au sisi ndio hatukujua namna ya kuiuliza.

Kwa siku chache baada ya hapo Mwalimu hakutaja simu. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlima Kwaraa kila asubuhi na kuukalia mji mpaka saa nne, na ndani ya ukungu ule unasikia bodaboda bila kuziona. Yeye alizisikia. Ngurumo zilikuwa bado zake.

Nilikwenda kununua uzi karibu na stendi, nikaona kiduka chembamba chenye simu zilizotumika, zimepangwa ndani ya kabati la kioo juu ya kitambaa cheupe. Mwenye duka alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Singida kama alivyoniambia baadaye, amefunga kilemba na amening'iniza shingoni kwa kamba miwani ya kukuzia vitu vidogo. Alikuwa anasafisha tundu la chaji la simu kwa mswaki.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote: nyenje, mvua ya Arusha, yule bwana wa sokoni. Sijui kwa nini nilimweleza nyenje. Alisikiliza bila kunikatiza, mswaki mkononi.

"Kompyuta yenyewe ni ya zamani?"

"Ni ya zamani."

"Basi mimi siwezi kukuahidi kitu, mama. Nikikuambia hii itakubali nitakuwa nakudanganya. Ileteni."

"Simu?"

"Kompyuta. Ileteni hapa ichague yenyewe."

Nilicheka njia nzima. Mwalimu hakucheka. Alisema ni akili hiyo.

Jumamosi tukaifunga tena kwa blanketi la binti: kile kisanduku kizito, kioo chake, kibodi, na nyaya zote kwenye kikapu cha sokoni. Bajaji ilipofika dereva alitutazama, akatazama mzigo.

"Mzee, mnahama?"

"Hapana," Mwalimu akajibu kwa unyofu kabisa, "tunakwenda kununua simu."

Mwalimu alipakata kisanduku, mimi nikapakata kioo, na kioo kilikuwa kimelala magotini, kimeinamia upande wa nje. Tulipokuwa tunateremka nikaona mji unapita ndani yake kinyume: paa, alizeti za mtu, mama mwenye ndoo ya samaki kichwani, mawingu. Vyote vyeusi na vilaini, kama vinapita chini ya maji. Nilitamani safari iwe ndefu kidogo.

Dada yule alikuwa ametupangia nafasi juu ya kaunta. Akachomeka umeme, kompyuta ikanguruma, ikachukua muda wake kuamka. Watu wawili waliokuja kununua vocha wakaamua kubaki. Akatoa simu tatu.

"Kabla ya yote," akasema, "hizi nimezikagua. Kila moja nina karatasi ya aliyeniuzia, na akaunti ya mwenyewe imetolewa. Simu yenye akaunti ya mtu msinunue hata mkipewa kwa buku, elfu moja tu. Itawafungia njiani." Alivaa miwani, akamulika tochi kwenye matundu ya chaji, akamwonyesha Mwalimu. "Hapa ndipo waya unapoongea. Pakilegea, itachaji lakini haitaongea."

Ya kwanza ilichaji tu. Dada akavuta kioo cha simu kwa kidole kutoka juu kwenda chini, pakatokea maneno, akachagua la kuhamisha mafaili. "Lazima simu yenyewe ikubali kufungua," akaeleza. "Wengi hawajui." Mimi na Mwalimu tukatazamana. Lakini hata baada ya hapo kompyuta haikuitika. Akaiweka pembeni.

Ya pili kompyuta iliiona mara moja. Tulifurahi mapema mno. Mwalimu alirekodi maneno machache, tukayasikiliza, na yalitoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mmoja wa wale wa vocha akasema hiyo imewahi kuingia maji. Dada akaikausha kwa kitambaa ingawa ilikuwa kavu, akakubali kwamba yawezekana.

Ya tatu ilikuwa mbaya. Kona moja ya kioo ilikuwa imepasuka, mipasuko imetawanyika kama mizizi, na mgongoni alama za mikwaruzo za mtu aliyekuwa akiiweka mfuko mmoja na funguo. "Hii betri yake imechoka," dada akasema kabla hatujauliza. "Siwafichi. Nusu siku, inakwisha. Kwa hiyo bei yake ni ndogo kuliko zote." Akaichomeka. Kompyuta ikalia, tiing, sauti ndogo ya kijiko kugusa glasi. Mwalimu hakuisikia. Lakini kidirisha kikafunguka katikati ya kioo, kina jina la simu na picha yake, na yeye akasema, "Ah," kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Sasa turekodi," dada akasema. "Mzee, sema kitu."

"Mimi sauti yangu naijua," Mwalimu akasema. "Ni nene. Haitatuambia kitu." Akanigeukia. "Imba wewe."

Nikamwambia ana wazimu. Pale stendi? Mabasi yanapiga honi, mpiga debe anaita watu wa Singida na Dodoma, na mimi na kikapu changu cha nyaya?

"Ule wa kuoshea vyombo," akasema. "Usio na maneno."

Ni kweli kuna wimbo ninaouimba nikiosha vyombo. Si wimbo wa mtu, umejitengeneza wenyewe miaka mingi. Sikujua kwamba anaujua. Nikashika ukingo wa kaunta, nikafumba macho, nikaanza kwa chini kabisa, kwa aibu. Kisha nikapanda pale unapopanda. Sijui niliimba kwa muda gani. Najua kwamba kulikuwa na pahali ambapo sikusikia tena mabasi, na harufu ya mafuta ya taa na mahindi ya kuchoma ilikuwa inatoka mbali sana, na nilikuwa msichana nimesimama mstari wa mbele wa kwaya ambayo mwalimu wake kijana alinitazama mara moja zaidi kuliko ilivyohitajika. Nilipofumbua macho wale wa vocha walikuwa wametazama chini. Dada alikuwa amevua miwani.

Tulihamisha sauti ile kwa waya. Ilipita kwa sekunde chache. Mwalimu akafungua programu mwenyewe, kwa vidole viwili, na kioo kikawa cheusi.

Chini kabisa kulikuwa na mabasi, utando mzito wa kahawia. Juu yake, nikapita mimi. Sikuwahi kujiona. Nilikuwa mstari mmoja mwembamba wa dhahabu unaopinda na kunyooka, na juu ya mstari huo mwingine unaofanana nao, na mwingine, na mwingine, ngazi nzima ya mistari inayopanda mpaka inafifia juu gizani. Mwalimu aliifuata kwa kidole bila kugusa kioo. Alipofika katikati akasimama.

"Mpaka hapa nakusikia," akasema. Akapandisha kidole. "Huku juu kote sijakusikia miaka mingi." Akaufuata mstari wa juu mpaka gizani. "Kumbe uliendelea."

Dada alijifanya anatafuta karatasi ya risiti.

Hatukuuliza punguzo. Alituandikia risiti yenye ile namba ndefu ya simu, akaweka sahihi yake, akatuongezea waya mfupi bure na kava la mpira lililofunika ile kona iliyopasuka. "Mkiona betri inavimba mniletee, msikae nayo," akasema. Halafu akaniambia taratibu, mimi peke yangu, "Mama, ule wimbo nimeufuta kwenye simu, usije ukasikilizwa na kila mtakayemwazima. Umebaki kwenye kompyuta yenu tu." Nilimshukuru kwa adabu hiyo zaidi ya kitu kingine chochote.

Asubuhi ya pili tulikwenda Nakwa, upande ambao mashamba yanateremka hadi kwenye matete ya ziwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na huwezi kusema ziwa linaishia wapi. Wavuvi walikuwa wanarudi, tunasikia makasia kwanza, kisha kinatokea kichwa, kisha mtumbwi. Mwalimu aliinua simu juu kwa mikono yote miwili na tukasimama bila kusema neno kwa dakika kumi nzima. Sijui mara ya mwisho tulisimama hivyo lini. Kiboko alikoroma mahali fulani ndani ya weupe ule, na Mwalimu akatabasamu, kwa sababu huyo alimsikia.

Nyumbani tulikaa mbele ya kompyuta kwenye viti viwili. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kumwambia kila mstari ni nani. "Huyu tetere. Huyu chura. Hawa sijui, labda mnana, wanagombana." Naye aliandika kwenye daftari lake la zamani la nyimbo, mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. Baadaye tulirekodi nyenje pia, pale pale barazani. Walitokea kama ukanda mmoja mnene wa njano, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila hata pengo. Mwalimu akautazama, akaanza kucheka. "Kumbe ni kelele tupu! Na mimi nilikuwa nawaombolezea."

Betri ilikuwa kama dada alivyosema. Nusu siku, imekwisha. Tulizoea kutoka mapema na kurudi mapema. Mara moja ilizimika katikati ya mvua nzuri ya mawe, na Mwalimu alisononeka mpaka chakula cha jioni. Lakini waya haukuwahi kutuangusha.

Mwezi wa pili tangu tununue simu, binti yetu alipiga. Mwalimu hupata shida na sauti yake, ni nyembamba, kwa hiyo binti huongea na mimi, nami narudia. Alisema kwenye programu ile kuna namna ya kupunguza mwendo wa sauti, na ukiupunguza, sauti inateremka, nyembamba inakuwa nene. Nilirudia maneno hayo. Mwalimu aliniomba niyarudie mara ya pili, kisha akaniomba nimwombe binti aeleze hatua kwa hatua, nami nikaziandika nyuma ya bahasha.

Mlangoni kwetu kuna kichaka kinachochanua maua mekundu, na chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, huja humo karibu na saa sita. Sauti yake ni kama sindano. Tulikuwa tumemrekodi siku nyingi nyuma, vistari viwili vitatu juu kabisa ya kioo, karibu kutoka nje. Mwalimu akafuata ile bahasha. Akapunguza mwendo, akapunguza tena. Akabonyeza.

Kilichotoka hakikuwa ndege ninayemjua. Kilikuwa kitu cha taratibu, kizito, chenye mizunguko ndani yake, kama mtu anayepiga mluzi akiwa usingizini, na katikati ya kila mlio kulikuwa na mipando na miteremko ambayo masikio yangu mazima hayakuwahi kuigundua. Upepo nyuma yake uligeuka kuwa ngurumo. Mwalimu alikuwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya magoti. Niliona koo lake linasogea. Alikuwa anaimba pamoja naye, chini chini, besi, akimtafuta, na kwenye mzunguko wa tatu akampata.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

Alinyoosha kidole kunizuia nisiongee. Nje chozi mwenyewe alikuwa kwenye maua, mdogo, ana haraka, anaimba wimbo uleule kwa kasi yake. Nikakaa katikati ya ndege huyo na Mwalimu, sikio moja kwa kila mmoja, mpaka maziwa niliyobandika jikoni yakachemka na kumwagika na ikabidi niinuke.